Fundi Romani na Sauti Iliyorudi

"Fundi, kwani sauti inayorudi, huwa imefika kwanza?"

Aliyeuliza ni Rumaisa, Jumatatu moja mchana, wakati huo yuko darasa la tano, mkoba wa shule mgongoni na simu ya bibi yake mkononi. Fundi Romani alikuwa amebana skrubu mbili kwa midomo. Akamtazama yule mtoto, akazitema skrubu kiganjani, akasema, "Bi mdogo, hebu niache nifanye kazi," kisha akajifunika koti.

Koti hilo lilikuwa kichekesho cha mtaa mzima pale Chang'ombe. Kibanda cha Romani kiliegemea karakana ya kuchomelea mageti, na mchana ukitaka kusikilizana na mtu pale ni lazima mpigiane kelele kama mko ng'ambo mbili za mto. Basi kila alipotaka kujaribu simu, Romani alivuta koti zito la mtumba, lile la watu wa nchi za baridi kali, akajifunika kichwa kizima na simu humo humo ndani, akapiga. Mpita njia alichoona ni kiwiliwili kinaongea, hakina kichwa.

"Romani, unaatamia?" wachomeleaji walimtania.

"Naatamia simu ya mkweo!" lilijibu koti.

Aliyepigiwa siku zote ni mke wake, Jenipher, ambaye alishazoea kukatishwa kazi zake kwa ajili ya simu za watu.

"Jenipher, unasikia sauti yako ikikurudia?"

"Nasikia sauti yangu ikikwambia ulete unga. Wewe ukirudi bila unga, shauri yako."

Jumatatu ile ikawa hivyo hivyo. Koti likafunuka, Romani akatokeza jasho linamchuruzika, akamrudishia Rumaisa simu. "Mwambie bibi ni nzima. Nilishasema juzi, na leo nasema tena. Simu nzima, haina mwangwi wowote."

Rumaisa akaipokea, lakini moyo haukutulia. Nyumbani kwao kulikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa limekwama kwenye simu hiyo hiyo.

Bibi yake, Bi Mahfudha, alikuwa anaozesha. Anayeolewa ni Widad, kitinda mimba wake, shangazi yake Rumaisa. Mwenye kuoa ni Hamoud, kijana wa ukoo wa wenye maduka, kwao Mbezi Beach. Posa ilishapokelewa, gauni lilishashonwa. Kilichobaki ni neno la walii. Babu alikuwa keshafariki, kwa hiyo mwenye haki ya kumuozesha Widad ni kaka yake, na kaka alikuwa naye mmoja tu: Hudhaifa, baba yake Rumaisa, dereva wa gari la maji huko Muscat, ambaye ruhusa ya kuja aliikosa. Wakakubaliana kwamba Ijumaa baada ya Alasiri wazee wa Mbezi Beach waje Chang'ombe, simu ipigwe mbele ya shekhe na mashahidi, na Hudhaifa atamke kwa kinywa chake kwamba amemwakilisha shekhe amuozeshe dada yake. Sentensi moja tu, haizidi pumzi mbili.

Ijumaa ilifika. Simu ikapigwa, ikawekwa laudi ili kila mtu asikie. Hudhaifa akasalimia vizuri, kisha akaanza, "Nimeku... nimekuwa... nimekuwaki..." Akanyamaza. Akaanza upya, akakwama pale pale. Rumaisa, aliyekuwa amechungulia mlangoni, alikumbuka darasani, anavyosoma kwa sauti huku Filomena nyuma yake anamrudishia kila neno kwa kunong'ona, mpaka ulimi unafungika na mwalimu anadhani hajui kusoma.

"Mama, simu yenu ina mwangwi!" Hudhaifa alisema, hasira zimempanda. "Nikisema neno linanirudia sikioni. Najisikia mwenyewe!"

Pale sebuleni hakuna aliyesikia mwangwi. Walichosikia ni mwanamume mzima anashindwa kutamka kwamba dada yake aolewe.

Mzee Mohammed, baba yake Hamoud, alikunywa kahawa yake taratibu mpaka mwisho, akasimama. "Bi Mahfudha, mtu aliyeridhia hasiti hivi. Huyu ana lake moyoni. Ijumaa ijayo tutarudi. Akisita tena, tutajua hatutakiwi, na sie hatutalazimisha."

Ndiyo maana simu ilipelekwa kwa Romani. Si kwamba bibi aliiona mbovu. Alitaka fundi aseme ni nzima, lawama iende Muscat. Huko Muscat nako Hudhaifa alishanunua simu mpya kwa hasira, na mwangwi ukabaki vile vile. Wakajaribu kwa simu ya Widad, mwangwi. Kila mtu mtaani akawa na lake: mara mtandao, mara mawingu. Jirani yao Raudha alisema ni husuda, kuna mtu hataki harusi hiyo. Widad mwenyewe alikuwa akilitoa lile gauni kabatini, analitazama, analirudisha.

Na kama kulikuwa na mtu ambaye Rumaisa aliamini anaweza kulitatua jambo hilo, ni Romani, maana Romani hakuwa fundi kama mafundi wengine.

Yeye hakuanza na simu. Kwao ni kusini, upande wa Masasi, na baba yake alikuwa mchonga vinyago. Kabla ya kugusa patasi, mzee huyo alikuwa akiligonga gogo kwa kifundo cha kidole, ameegesha sikio, kwa sababu gogo zima lina mlio wake na lenye ufa ndani lina mlio mwingine. Romani alikua akisikiliza magogo. Alipokuja Dar alikuja na patasi zake kwenye gunia, akakuta vinyago havitoki ila simu zinaharibika kila siku ya Mungu. Akageuza mikono. Lakini ule uchongaji haukumtoka. Bisibisi zake zote zilikuwa na mipini ya mpingo, kachonga mwenyewe, na skrubu alizipanga kwenye ubao wenye vishimo kama bao, kila simu na safu yake. Na kabla hajaifungua simu, aliigonga mgongoni, akatega sikio.

Wateja walicheka. Rumaisa hakucheka, alitaka kujua anasikia nini.

"Spika imelegea," Romani alimwambia siku moja. Akafungua, kweli imelegea. Tangu hapo Rumaisa akitoka shule alipita pale kibandani, hata kama hana simu ya kupeleka.

Basi Jumatano akarudi tena na ile ya bibi. "Fundi, shikamoo. Bibi anasema uandike kwenye karatasi kwamba simu ni nzima, na uweke sahihi, ili Ijumaa amwonyeshe Mzee Mohammed."

"Marahaba." Romani akachukua kalamu. Akaiweka kalamu juu ya karatasi, akaiacha hapo. Wachomeleaji walikuwa wanasubiri kuona mtu akitoa cheti cha afya kwa simu.

"Andika, braza! Ongeza na uzito wake!"

Romani akamtazama Rumaisa, macho yakiwa mbali. "Kesho ukitoka shule unipitie hapa," akasema. "Twende kwenu. Nataka kuiona inapokaa."

Alhamisi wakaenda. Sebule ya Bi Mahfudha ilikuwa katikati ya maandalizi. Marumaru mpya zilishawekwa sakafuni wiki tatu nyuma, zinang'aa unaweza kujitazama. Zulia lilikuwa limepelekwa kufuliwa, mapazia ya zamani yameshashushwa, mapya bado yako kwa mshonaji, na mito yote imeanikwa uani. Chumba kilibaki na viti na kuta tupu.

"Hodi," Romani alisema, anavua viatu.

"Karibu, mwanangu."

Akasimama kizingitini. "Hodi," akasema tena.

"Nimeshakukaribisha! Unataka tukupigie na ngoma?"

Romani akaingia, akasimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja: pa! Chumba kikamjibu, na jibu lenyewe likachelewa kuisha. Akageuka upande mwingine, pa! Bibi alimtazama Rumaisa kwa jicho la kuuliza huyu uliyeniletea yuko sawa.

"Shikamoo, bi mkubwa, sikukusalimu," Romani akasema. "Naomba mnionyeshe mnavyompigia. Vile vile mnavyofanyaga siku zote, msibadilishe kitu."

Widad akaenda jikoni, akarudi na bakuli.

Lilikuwa bakuli la shaba, zito, ambalo Bi Mahfudha alitoka nalo kwao siku aliyoolewa. Ukiligonga kwa kijiko linalia mpaka uchoke kulisubiri linyamaze. Likawekwa juu ya meza ya kioo. Simu ikawekwa laudi, sauti ikapandishwa mpaka mwisho, ikasimamishwa ndani ya bakuli.

Romani alilitazama lile bakuli kama mtu aliyekutana na jamaa yake mahali asipomtarajia. "Hili limeanza lini?"

"Zamani tu," bibi alijibu haraka. "Linapaza sauti."

Rumaisa akainamisha kichwa. Nyumba nzima ilijua. Sikio la kulia la bibi lilikuwa limekufa miaka miwili, na la kushoto lilikuwa linafuata, ila ilikuwa marufuku kulitaja hilo hata kwa utani. Na bakuli hakuna aliyewahi kumtajia fundi, kwa sababu hakuna aliyelihesabu kuwa ni sehemu ya simu. Hata waliposema wamejaribu simu ya Widad, waliijaribu ndani ya bakuli lile lile.

Hudhaifa akapokea.

"Kaka, mie fundi Romani. Naomba uhesabu kuanzia moja, usisimame mpaka nikwambie. Hata ukisikia kimya, wewe hesabu tu."

"Nihesabu nini?"

"Namba. Tunatafuta mwangwi."

"Haya. Moja. Mbili. Ta... tatu. Nne, n-nne... tano... Nyie mnanichezea!"

"Endelea, kaka."

Romani akainama, akabonyeza pale pa kuzima maiki.

"Sita, saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja," sauti ikatiririka, kama si yule yule. Romani akaiwasha maiki. "Kumi na m-mbili... kumi na... kumi na tatu..." Akaizima. "Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita." Mara tatu alifanya hivyo, na mara zote tatu ulimi wa mtu aliyeko Muscat ulifungwa na kufunguliwa kwa kidole kilichoko Chang'ombe.

"Haiharibikii kwake," Romani alisema polepole, baada ya kumshukuru Hudhaifa na kukata. "Inaharibikia humu. Sauti yake inafika vizuri kabisa. Inatoka kwenye spika, inazunguka kwenye shaba, inagonga kuta, maiki inaidaka. Maiki haijui ni ya nani, inadhani ni nyie mnaongea, inampelekea mwenyewe. Anajisikia nyuma ya ulimi wake. Nani hatakwama?"

"Lakini si simu zote zina spika na maiki?" Rumaisa akauliza. "Mbona za watu hazirudishi?"

"Swali hilo! Simu ina ujanja wake wa kuifuta sauti ya spika isipenye kwenye maiki. Ila ujanja huo umeuzoea mkono, au meza. Humu ndani ya bakuli sauti inakuja kutoka pande zote, na nyingine imechelewa. Zamani zulia na mapazia vilikuwa vinaimeza, sasa kuta tupu, simu inashindwa kuitambua."

"Na sie mbona hatuusikii huo mwangwi?" Widad alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo.

"Hamuwezi kuusikia, sista. Anayeusikia ni yule wa upande wa pili, na anayeutengeneza yuko upande huu, hana habari. Ndiyo maana kaka'ko kanunua simu mpya bure." Romani akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Bi mkubwa, nilikwambia simu ni nzima. Kweli ni nzima. Ila mie nilikuwa naijaribu ndani ya koti, na koti linameza kila sauti. Ningekaa nayo mwaka mzima humo, nisingeusikia mwangwi wenu. Hapo nilikosea."

Bibi hakumsikia vizuri, ikabidi Widad amrudilie kwa sauti kubwa. Alipoelewa, alilivuta bakuli mapajani, akalifuta kwa ncha ya mtandio ingawa halikuwa na vumbi.

"Kwa hiyo hili ndilo linamvunjia mwanangu harusi," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Na bila hili, mie..."

Ijumaa, kabla ya Alasiri, nyumba iligeuzwa. Zulia lilirudishwa likiwa na unyevunyevu. Raudha, ambaye sasa alikuwa amesahau mambo ya husuda, alileta mapazia yake mazito. Romani mwenyewe alibeba magodoro mawili, akayasimamisha ukutani nyuma ya mapazia hayo, akapiga kofi, pa. Likafa hapo hapo. Akatabasamu, akapiga la pili kwa raha zake tu. Simu ikawekwa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, sauti ikashushwa mpaka nusu, na viti vikasogezwa karibu karibu.

Wazee wa Mbezi Beach walipoingia, Mzee Mohammed alibonyeza pazia kwa kidole, likarudi ndani. "Mmefungua duka la magodoro?"

"Ni ya mwangwi, baba," Romani alijibu kutoka pembeni ya mlango.

Shekhe akaketi. Hudhaifa akapigiwa, akaitikia salamu. Shekhe akageuka. "Bi Mahfudha, unamsikia mwanao tuanze?"

Ile sauti ya nusu ilikuwa haimfikii bibi, na Rumaisa aliliona hilo usoni mwake. Angeweza kutikisa kichwa tu, mambo yakaendelea, akabaki amekaa kama picha kwenye ndoa ya mwanawe. Au angeweza kuagiza bakuli. Mkono wake ulienda pale mezani lilipokuwa likikaa, ukagusa kanga, ukasimama. Watu wakasubiri. Mzee Mohammed akaanza kukunja uso.

"Simsikii," bibi akasema. "Sikio hili lilikufa miaka miwili, na hili nalo linaniaga. Nilikuwa naficha. Rumaisa, njoo ukae hapa. Baba'ko akisema neno, unipe."

Mzee Mohammed akavuta kiti chake mbele. "Mie nalo la kushoto limekwisha," akasema. "Ila msimwambie mke wangu, maana ndilo sikio analosemea."

Watu wakacheka, na katikati ya kicheko hicho Hudhaifa, kutoka huko aliko, akakohoa na kusema, "Shekhe, nimekuwakilisha umuozeshe dada yangu Widad kwa Hamoud bin Mohammed, kwa mahari tuliyokubaliana."

Pumzi moja. Rumaisa alikuwa amebandika mdomo kwenye sikio la bibi, analipeleka kila neno kwa kunong'ona, nusu hatua nyuma ya baba yake, na baba hakukwama hata mara moja. Alipofika kwenye "tuliyokubaliana" mkono wa bibi ulikuwa umemshika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Huyu ndiye aliyekuwa akisita?" Mzee Mohammed aliuliza. "Basi Ijumaa ile nilimdhania vibaya. Shekhe, tuendelee."

Vigelegele vikapasuka kutoka uani, na simu juu ya kanga ikawa inapiga kelele peke yake: "Mama! Mama! Leo nimesema mara moja tu!"

Tangu siku hiyo mteja akija kibandani analalamika mwangwi, Romani humuuliza kwanza, "Anayeusikia nani, wewe au mwenzio?" Akijibu ni yeye, anaambiwa aende akalete simu ya mwenzake. Wengi waliondoka wakisema fundi kachanganyikiwa, na wengi wakarudi. Baada ya mwaka, misikiti na makanisa yakaanza kumwita kurekebisha vipaza sauti, naye akawa anaingia na kupiga makofi kabla ya kusalimia mtu. Koti lile alilitundika ukutani, akaanza kujaribu simu za watu bafuni kwake, kwenye kuta tupu. Jenipher akawa hana pa kuogea.

Imepita miaka sita. Rumaisa sasa yuko kidato cha nne, na Jumamosi iliyopita alikuwa na kitabu cha fizikia wazi mbele yake, sura ya sauti, kilichoeleza kila kitu isipokuwa alichotaka. Akampigia Romani, ambaye siku hizi anajenga huko Wazo na mwisho wa juma hashikiki.

"Fundi, shikamoo."

*Shikamoo*, sauti yake mwenyewe ikamrudia sikioni.

Akashtuka, kisha akacheka, na kicheko nacho kikamrudia. "Fundi, simu yako iko wapi?"

"Mkononi."

"Fundi!"

"Haya, iko kwenye ndoo. Napiga rangi, bi mdogo, mikono yote michafu, na chumba chenyewe hakina hata mkeka. Unajisikia?"

"Najisikia vizuri mno. Fundi, nilikuulizaga kitu nikiwa darasa la tano. Ukaniambia nikuache ufanye kazi."

Upande wa pili brashi iliacha kukwaruza ukuta.

"Ulisema, kwani sauti inayorudi, huwa imefika kwanza." Alilisema swali lenyewe neno kwa neno, kisha akavuta pumzi. "Huwa imefika, bi mdogo. Siku ile nilikufukuza kwa sababu nilikuwa sijui. Nilidhani inageukia njiani huko, kwenye mitambo ya mtandao. Nikaenda nalo nyumbani swali lako, nikalala nalo siku mbili. Ulipokuja Jumatano na ile karatasi, nikawaza, kama inafika kwanza, basi inaanzia kurudi pale ilipofikia, na hapo pahali mie sijawahi kutia mguu. Ndiyo maana nilikuja kwenu. Mtaa mzima unasema Romani aligundua, kumbe Romani aliulizwa na mtoto wa mkoba, na miaka yote nimeona aibu kukwambia. Haya, ngoja nikuondoe humu kwenye ndoo, halafu uniulize lingine."